Asilimia 54 ya Nani? Jinsi ya Kusoma Takwimu za Mitandao ya Kijamii Nchini Kenya

Katikati ya mwaka 2023 habari moja ilienea Nairobi kwa kasi, kwamba Wakenya ndio wanaoongoza duniani kwa matumizi ya TikTok. Chanzo chake kilikuwa ripoti ya kila mwaka ya Taasisi ya Reuters iliyo katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo mwaka huo ilichunguza masoko 46 na kueleza kwamba asilimia 54 ya waliohojiwa nchini Kenya walitumia TikTok kwa shughuli yoyote ile, huku asilimia 29 wakiitumia kupata habari. Takwimu hiyo ikaingia redioni, ikapanda matatu, na kufikia Agosti, wakati ombi la kuipiga marufuku programu hiyo lilipowasilishwa Bungeni, ilikuwa imeshakuwa jambo ambalo kila mtu analijua. Mimi mwenyewe nimeisikia ikisimuliwa kwa namna tatu: kwamba nusu ya Wakenya wako TikTok, kwamba nusu ya vijana wako TikTok, na kwamba Mkenya wa kawaida humaliza nusu ya muda wake wa simu huko. Ripoti haikusema lolote kati ya hayo matatu.

Utafiti huo ulifanywa kupitia intaneti, na kwa upande wa Kenya uliwahusu watu wanaozungumza Kiingereza wenye umri wa miaka 18 hadi 50, jambo ambalo walioufanya walilieleza bayana. Maana yake ni kwamba asilimia 54 ilihesabiwa kati ya watu ambao tayari wako mtandaoni, tayari wana shule ya kutosha kujibu maswali kwa Kiingereza, na bado hawajavuka umri wa miaka 50. Ni sawa na kusimama penye njia ya kutokea Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, asubuhi ya Jumamosi, ukawauliza wanaotoka na mifuko mikononi iwapo wao huvaa mitumba. Jibu utakalopewa litakuwa la kweli kuhusu wateja wa Gikomba, na lina manufaa yake, lakini huwezi kulibeba hadi Lodwar, mji wa mbali kaskazini, wala hata hadi Lavington, mtaa wa wenye pesa papo hapo Nairobi, ukasema kwamba hivyo ndivyo Wakenya wanavyovaa. Tena katika nchi nyingi za Ulaya utafiti huohuo uliwajumuisha wazee, ambao huipenda TikTok kidogo sana kuliko vijana. Hivyo basi, ushindi tuliotangaziwa ulipatikana kwa kiasi fulani kwa kuwalinganisha watu wetu wasiozidi miaka 50 na mataifa mazima ya wenzetu, wajukuu na babu zao wakiwa pamoja.

Ninalianza jambo hili hapa kwa sababu karibu kila mkanganyiko kuhusu nani hutumia mitandao ya kijamii kwa simu hutatuliwa na swali moja fupi: asilimia ya nani? Kabla ya kulijibu, tuelewane kuhusu maneno machache. Mtandao wa kijamii ni huduma ambayo mtu hujisajili, akajenga duara la watu, akapeleka na kupokea maneno, picha na sauti. WhatsApp, Facebook, TikTok, Instagram na X zote zimo, ingawa hazifanani. Sifa za kidemografia ni zile hali zinazotumiwa kuwapanga watu katika makundi, yaani umri, jinsia, elimu, kipato na mahali mtu anapoishi. Neno linaloonekana rahisi kuliko yote, yaani mtumiaji, ndilo lenye utata mkubwa kupita mengine, kwani wanaohesabu watumiaji mara nyingi huwa wanahesabu kitu kingine.

Wakati mwingine wanahesabu laini. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya za mwaka 2023 zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 65, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imehesabu watu 47,564,296. Hakuna muujiza hapo. Mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anaweza kuwa na laini ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na laini ya Airtel kwa ajili ya bando la bei nafuu, zote ndani ya simu moja. Na mtoto wake wa kidato cha pili, ambaye hajafikisha umri wa kitambulisho, anatumia laini ya tatu iliyosajiliwa kwa jina la mama. Ukiisoma orodha ya laini utaona mwanamke mmoja wa makamo mwenye laini tatu. Ukiingia nyumbani kwake usiku utaona watu wawili, na mmoja wao ana miaka 15.

Wakati mwingine wanahesabu akaunti. Kampuni za mitandao huwaeleza wenye matangazo ya biashara ni akaunti ngapi zinaweza kufikiwa, na ripoti nyingi tunazozisoma kila Januari kuhusu Kenya hutegemea hesabu hizo. Watayarishaji waangalifu huonya kwamba akaunti si lazima iwe mtu, kwa kuwa kinyozi ana akaunti yake na ya duka lake la kunyolea, na anayesahau nywila hufungua nyingine mpya. Umri ulioandikwa kwenye akaunti nao ni ule ambao mwenyewe aliutaja. Mitandao mingi mikubwa imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujisajili, na mtoto wa miaka 11 anayetaka kuingia anachohitaji ni kurudisha nyuma mwaka wake wa kuzaliwa. Akiuandika 1995, basi miaka yote ijayo atahesabiwa miongoni mwa watu wazima.

Sensa, ambayo angalau huhesabu watu, nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2019 ilibainika kwamba asilimia 47.3 walimiliki simu ya mkononi na asilimia 22.6 walitumia intaneti, na wengi walishangaa: itakuwaje nchi ya M-Pesa iwe na watu chini ya nusu wenye simu? Jibu ni kwamba hesabu hiyo ilianzia watu wenye umri wa miaka mitatu. Watoto wa chekechea walikuwa ndani ya kapu. Zaidi ya hayo, kwa kawaida mtu mmoja katika kaya ndiye anayejibu kwa niaba ya wote, na baba hawezi kujua kila kitu ambacho binti yake hufanya akiwa amejifunika blanketi usiku.

Hata mtu akijijibia mwenyewe, neno intaneti linaweza kumpotosha. Watafiti waliofanya kazi nchini Indonesia mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikutana na watu waliosema kwamba hawatumii intaneti, kisha wakasema kwamba wanatumia Facebook. Hawakuwa waongo. Kwao Facebook ilikuwa kitu kilicho ndani ya simu, na intaneti ilikuwa kitu kilicho kwenye kompyuta. Nimelisikia jambo hilohilo katika mtaa wa Kayole, kutoka kwa mama anayeuza mboga karibu na stendi, ambaye aliniambia kwamba mambo ya intaneti huwaachia watoto, huku kidole chake kikipitisha picha za status za WhatsApp za wanachama wenzake wa chama cha akiba.

Nilikaa naye karibu saa nzima, na simu zake zilinifunza mengi kuliko jedwali lolote. Katika mfuko wa aproni alikuwa na kabambe, ile ya kubonyeza, ambayo ndiyo ya kupokelea malipo ya wateja. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na ikianguka kwenye ndoo ya maji hulii. Simu janja yake ilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa raba, maana mikono yake ina maji ya sukuma wiki tangu alfajiri. Aliifungua mara mbili tu katika muda huo wote: mara ya kwanza kutazama bei ya nyanya ambayo mwenzake wa soko la Wakulima alikuwa ameituma kwa ujumbe wa sauti, na mara ya pili kumpiga mteja picha. Alinunua bando la shilingi 20, akalitumia, likaisha, akafunga. Jioni, aliniambia, simu hiyo huwa ya wanawe wawili hadi walale. Sasa mtafiti akija na dodoso lake na kuuliza nani katika nyumba hii hutumia mitandao ya kijamii kwa simu, kwa saa ngapi, na kwa jinsia gani, atajaza nini? Kifaa ni kimoja, akaunti ni moja, watu ni watatu, na umri wao unatofautiana kwa karibu miaka 30.

Tukija kwenye tofauti zenyewe, tuanze na umri, kwa kuwa ndio unaozungumzwa zaidi. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, ambayo kwa sehemu kubwa yaliandaliwa kupitia TikTok na X, imekuwa kama kanuni kusema kwamba mitandao ni ya Jenzi. Jina hilo kwa kawaida humaanisha waliozaliwa kati ya 1997 na 2012, kwa hiyo wadogo zaidi kati yao wakati huo walikuwa bado hawajafikisha hata ule umri wa miaka 13 wa kujisajili. Lakini kuna jambo la msingi linalosahaulika: takriban asilimia 75 ya Wakenya wana umri chini ya miaka 35, kwa mujibu wa sensa ya 2019. Ukilikusanya kundi lolote la Wakenya bila kulichagua, liwe la abiria, la waumini au la wagonjwa wa malaria, utalikuta limejaa vijana. Ili useme kwamba mtandao fulani ni wa vijana, lazima uonyeshe kwamba sehemu yao huko inazidi sehemu yao katika nchi.

Inazidi? Kwa baadhi ya mitandao, ndiyo, na tofauti ni kubwa. Marekani, ambako kituo cha utafiti cha Pew kimekuwa kikiwauliza watu wazima maswali haya kwa miaka mingi, takwimu zilizokusanywa mwaka 2023 zilionyesha kwamba Instagram ilitumiwa na asilimia 78 ya wenye miaka 18 hadi 29, na asilimia 15 tu ya wenye miaka 65 na zaidi. Facebook ilikuwa tofauti, kwani zaidi ya nusu ya wazee hao walikuwamo. Hao wazee hawakuzaliwa na mapenzi ya Facebook. Mtandao huo ulianza mwaka 2004 kama wa wanafunzi wa chuo kikuu, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2006, kisha watumiaji wake wakazeeka nao, na wazazi wao wakawafuata ili waone picha za wajukuu. Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni umri wenyewe: kijana ana muda zaidi, ana marafiki wapya wa kutafuta, na akishaoa na kupata kazi huenda akapunguza. La pili ni rika: waliobalehe wakiwa na chombo fulani mikononi hukaa nacho hata uzeeni. Ukimwona mtu wa miaka 22 akiimba kwenye TikTok, huwezi kujua kwa kumtazama tu iwapo ataacha akifika 40 au atakuwa akiimba na wanawe.

Tahadhari moja kabla hatujaondoka Marekani. Katika utafiti huohuo WhatsApp ilitumiwa na asilimia 29 tu ya watu wazima wa huko, lakini miongoni mwa wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati ilipita nusu. Watu hufuata jamaa zao. Mwenye ndugu ng'ambo ana sababu ya kutumia chombo kisichotoza simu ya kimataifa, na asiye nao hana haja. Kwetu WhatsApp iliingia kila nyumba kwa mlango wa chama, wa kamati ya harusi na, zaidi ya yote, wa matanga. Mtu anapofariki Nairobi, kundi hufunguliwa siku hiyohiyo, na shangazi wa miaka 60 ambaye hakuwahi kutaka simu janja huanza kumuuliza mwanawe jinsi ya kuona orodha ya michango. Ndiyo maana mimi siamini usemi kwamba wazee wetu hawaiwezi teknolojia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 walijifunza namba ya siri, wakala na kutoa pesa, kwa sababu fedha za wanao zilikuwa zinapitia humo. Mzee hujifunza upesi kile anachokihitaji, na kile asichokihitaji hukiacha bila majuto.

Jinsia ndiyo inayohitaji hesabu ya uangalifu zaidi, nami nitaifanya polepole. Katika sensa ya 2019, wanawake waliomiliki simu walikuwa 10,425,040 na wanaume 10,268,651. Wanawake walizidi kwa zaidi ya laki moja, na kwa kuwa wao pia ni wengi zaidi katika idadi ya watu, tunaweza kusema kwamba katika umiliki wa simu walilingana. Lakini katika matumizi ya intaneti, wanaume walikuwa asilimia 25.1 na wanawake asilimia 20.1. Pengo hilo ni la ukubwa gani? Mwandishi mmoja ataandika kwamba ni asilimia tano, kwa kutoa 20.1 kutoka 25.1. Mwingine ataandika kwamba ni asilimia 20, kwa sababu tano ni moja ya tano ya 25. Wote wawili wana hoja, ila wa kwanza anapaswa kusema alama tano za asilimia. Shirika la GSMA, ambalo ni muungano wa kampuni za simu duniani na linalotoa ripoti ya kila mwaka kuhusu pengo la kijinsia katika simu, hutumia njia ya pili. Liliposema kwamba pengo la intaneti ya simu katika nchi za kipato cha chini na cha kati lilikuwa asilimia 19 katika ripoti ya 2023 na asilimia 15 katika ile ya 2024, lilimaanisha kwamba uwezekano wa mwanamke kutumia huduma hiyo ulikuwa chini kwa kiasi hicho ukilinganishwa na wa mwanamume. Ukichukua namba ya njia moja ukailinganisha na namba ya njia nyingine, unaweza kutangaza maendeleo ambayo hayakutokea.

Swali linalofuata ni la sababu, na hapa ndipo chuki za zamani hujificha. Kuna wanaosema kwamba wanawake hawapendi mambo ya mashine, na hapohapo wanasema kwamba wanawake ndio wanaojaza mitandao kwa umbea. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Fikiria chai ya Kikenya, ambayo maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa katika sufuria moja. Ikishaiva, huwezi kuionja ukasema utamu huu umetoka kwenye maziwa. Ndivyo jinsia, elimu, kipato na makazi yalivyochanganyika katika maisha ya mtu. Mwanamke anayeonekana yuko nyuma katika jedwali la jinsia huenda ndiye huyohuyo aliyeacha shule mapema, anayepata pesa kidogo, na anayeishi kijijini, ambako katika sensa hiyo matumizi ya intaneti yalikuwa asilimia 13.7 dhidi ya asilimia 42.5 mijini. Anayetaka kujua jinsia peke yake inachangia nini lazima awalinganishe mwanamke na mwanamume wenye elimu moja, mapato sawa, mtaa mmoja. Mara nyingi pengo hupungua sana ukifanya hivyo, na linalobaki lina majina yanayojulikana: muda, kwa maana yule mama wa Kayole hufunga kibanda usiku na kuanza kupika, ruhusa, kwa maana kuna nyumba ambamo simu ya mke hukaguliwa, na usalama, kwa maana wasichana wengi huondoka mtandaoni baada ya kutukanwa au kutumiwa picha chafu na wasiowajua.

Kuhusu kipato nitasema machache. Si kweli tena kwamba maskini hawako mitandaoni. Mpango wa Safaricom wa kununua simu kwa awamu, Lipa Mdogo Mdogo, ulipoanza mwaka 2020, simu ya 4G ililipiwa kwa shilingi 20 kwa siku, na mitaani kuna simu za mkono wa pili kila kona. Tofauti iko katika namna ya kuwa mtandaoni. Mwenye intaneti ya nyumbani Kilimani huacha video zijicheze zenyewe, na mwenye bando la saa moja huingia, huchota anachokitaka, hutoka. Anayenunua kwa rejareja ndiye anayelipa ghali kwa kila kipimo, kama vile anayenunua mafuta ya kupikia kwa kupimiwa. Ushuru wa bidhaa kwenye bando ulipopandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, kabla ya kurudishwa 15 mwaka 2023, yeye ndiye aliyeuhisi kwanza. Ukipima kwa swali la je, unatumia, hao wawili wanalingana. Ukipima kwa saa, wanaishi katika nchi mbili.

Haya yote yana uzito kwa sababu maamuzi hufanywa kwa kutegemea picha ambayo watu wanayo vichwani kuhusu nani yuko wapi. Katika shule moja ya mtaani, ambayo sitaitaja, walimu waliamua kwamba wazazi wote wako WhatsApp, na kwa miezi kadhaa ilionekana hivyo, kwa kuwa kila tangazo lilijibiwa kwa vidole gumba vingi. Siku moja mkutano wa darasa uliahirishwa kupitia kundi hilo. Nyanya mmoja anayemlea mjukuu wake alifika saa ile ya awali, akiwa amevaa leso mpya na ameshika kabambe yake na kitabu cha ada, akakuta lango limefungwa. Alikuwa amewasha simu siku nzima, ina chaji, ina salio. Mwalimu wa darasa alipozipitia namba za wazazi jioni ile, moja baada ya nyingine, aligundua kwamba nyanya huyo hakuwa peke yake, na kwamba kwa wengine namba iliyokuwa kundini ilikuwa ya mtoto mkubwa wa nyumba, aliyekuwa amelinyamazisha kundi tangu muhula uliotangulia. Sasa kila tangazo lake linatoka mara mbili: kwanza kundini, kisha kwa ujumbe mfupi wa kawaida kwa zile namba alizoziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya rejista.